Picha iliyobeba ujumbe: data inavyofichwa kwenye pikseli, na inavyofichuka

Fungua picha yoyote ya simu kwenye kompyuta, uikuze mpaka ivunjike kuwa vijiraba vidogo. Kila kijiraba ni pikseli, na kila pikseli ni namba tatu tu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Kila namba huanzia 0 na kuishia 255. Wekundu wa 142 ukiwekwa kando ya wekundu wa 143, hakuna jicho litakaloona tofauti. Nafasi hiyo ndogo, ambayo jicho haliifikii, ndiyo inayotumika kuficha maandishi, hati au hata picha nyingine.

Kazi hii inaitwa steganografia. Watu wengi huichanganya na usimbaji fiche. Ujumbe uliosimbwa hausomeki, lakini yeyote anayeuona anajua kuna siri. Steganografia inaficha hata habari kwamba ujumbe upo. Wazo lenyewe ni la kale: Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anamsimulia Demaratus, aliyekwangua nta kwenye kibao cha kuandikia, akaandika onyo kwenye ubao wenyewe, kisha akarudishia nta juu yake. Aliyekishika njiani aliona kibao kitupu.

Tuone inavyofanyika kwa herufi moja. Kwenye kompyuta herufi kubwa K ni namba 75, na 75 kwa biti nane (biti ni tarakimu ya 0 au 1) ni 01001011. Tunahitaji namba nane za kuibeba, basi pikseli tatu zinatosha na namba moja inabaki. Kanuni ni hii: biti 0 inakaa kwenye namba shufwa, biti 1 inakaa kwenye namba witiri. Pikseli tulizo nazo ni hizi:

143, 97, 60
140, 96, 61
145, 98, 60

Biti ya kwanza ni 0, lakini 143 ni witiri, kwa hiyo tunaishusha iwe 142. Ya pili ni 1, na 97 ni witiri tayari, haiguswi. 60 nayo inafaa kama ilivyo. Kwenye mstari wa pili, 140 inabaki, 96 inapanda kuwa 97, na 61 inashuka kuwa 60. Kwenye mstari wa tatu, 145 inabaki na 98 inakuwa 99. Tunapata:

142, 97, 60
140, 97, 60
145, 99, 60

Namba nane zimebeba herufi nzima, na nne tu ndizo zilizobadilika, kila moja kwa hatua moja. Anayepokea hahitaji picha ya awali. Anasoma shufwa, witiri, shufwa, shufwa, witiri, shufwa, witiri, witiri, na K inarudi. Anachohitaji ni kujua aishie wapi, ndiyo maana programu nyingi hutenga biti za mwanzo, mara nyingi 32, kuandika urefu wa ujumbe. Biti hizo zikiharibika, programu hujaribu kusoma ujumbe wa urefu usiokuwepo, ikatoa makosa au takataka.

Nafasi iliyopo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, yaani namba 6,220,800. Kwa biti moja kwenye kila namba, hizo ni baiti 777,600, kwa kuwa baiti moja ni biti nane, yaani herufi moja. Ukihesabu herufi 2,000 kwa ukurasa, ni zaidi ya kurasa 380 za maandishi ndani ya picha moja. Nafasi hiyo yote, hata hivyo, si ya kutumia, na sababu tutaiona.

Wanaojaribu kwa mara ya kwanza hukwama mahali pamoja. Mtu anaficha ujumbe vizuri, anaujaribu kwenye kompyuta yake unasomeka, anautuma WhatsApp kama picha ya kawaida, na upande wa pili hakitoki kitu. WhatsApp hupunguza picha na kuibana upya kwa JPEG, mfumo wa kupunguza uzito wa faili la picha, na JPEG ni adui wa biti za mwisho. Hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kipande ikakibadili kuwa vizigeu 64 vinavyoeleza jinsi mwanga unavyopanda na kushuka. Kila kizigeu hugawanywa kwa namba iliyopangwa, kisha jibu hupelekwa kwenye namba kamili iliyo karibu. Ukibadili pikseli moja kwa 1, kizigeu cha kwanza hubadilika kwa 1/8 tu. Kwenye jedwali la kawaida la ubora wa 50, kizigeu hicho hugawanywa kwa 16. Badiliko lako sasa ni 1/128, nalo linafutwa na ule mkato wa desimali. Picha inaonekana ileile na ujumbe umekwisha.

Kwa hiyo ujumbe uliofichwa kwenye pikseli uhifadhiwe kwa PNG au BMP, aina za faili la picha ambazo hazipotezi namba hata moja, na utumwe kama hati, si kama picha. Kubadilisha ukubwa, kukata pembeni, kuzungusha kidogo au kuongeza mwangaza, lolote kati ya hayo linatosha kuua ujumbe.

Ukilazimika kutumia JPEG, fichia mahali pengine: kwenye vizigeu vyenyewe, baada ya ule mkato, pale ambapo hakuna kitu kitakachopotea tena. Programu ya JSteg ilifanya hivyo kwa kubadili biti ya mwisho ya kila kizigeu kisichokuwa 0 wala 1. Sifuri hazikuguswa kwa sababu ndizo nyingi kuliko zote na ndizo zinazoifanya JPEG iwe nyepesi. Ukizichokoza, faili linanenepa na madoa yanaonekana.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tungependa kila msomaji alishike. Kutoonekana kwa jicho hakumaanishi kutoonekana kwa hesabu. Rudi kwenye mfano wa K. Namba 142 inaweza kupanda kuwa 143, na 143 inaweza kushuka kuwa 142, lakini 143 haiwezi kamwe kuwa 144. Namba zinafungwa jozi jozi: 142 na 143, 144 na 145, na kuendelea. Tuseme picha safi ina namba 142 mara 5,000 na 143 mara 3,200. Ukijaza ujumbe kila mahali, nusu ya kila kundi huhamia kwa mwenzake, na yote mawili hukaribia 4,100. Jozi moja ikilingana ni bahati. Zikilingana jozi zote, kuna mkono wa mtu. Mwaka 1999 Andreas Westfeld na Andreas Pfitzmann wa Dresden walionyesha kwamba jaribio la kai-mraba, lile linalofundishwa kwenye takwimu za kawaida, linatosha kugundua jambo hili. Walionyesha pia njia rahisi zaidi: toa biti ya mwisho peke yake na uichore kwa nyeusi na nyeupe. Kwenye picha nyingi safi utaona bado vivuli vya vitu, ukingo wa paa au umbo la wingu. Sehemu iliyojazwa ujumbe hugeuka mchanga mtupu.

Tiba ya kwanza ni rahisi. Namba isiyofaa isipewe jozi yake. Ipandishwe au ishushwe kwa 1 kwa kubahatisha, isipokuwa 0 ambayo hupanda tu na 255 ambayo hushuka tu. Jozi hazilingani tena. Tiba ya pili ni kutawanya ujumbe kwenye picha nzima kwa mpangilio unaozaliwa na nenosiri, badala ya kuanzia kona ya juu na kwenda mfululizo. Ya tatu ni kubadili namba chache zaidi kwa ujumbe uleule, na hila yake inastahili kutazamwa kwa karibu.

Chukua namba tatu, 142, 97 na 60, uzitumie kubeba biti mbili. Biti ya kwanza isomwe kwenye jumla ya namba ya kwanza na ya tatu. Ya pili isomwe kwenye jumla ya namba ya pili na ya tatu. Tunataka kuficha 1 na 0. 142 na 60 ni 202, shufwa, na tulitaka witiri. 97 na 60 ni 157, witiri, na tulitaka shufwa. Zote mbili zimekosea, basi tunagusa namba ya tatu peke yake: 60 inakuwa 61. Jumla sasa ni 203 na 158, na biti zote mbili zimekaa sawa kwa badiliko moja. Ingekosea ya kwanza tu, tungegusa namba ya kwanza. Ingekosea ya pili tu, tungegusa ya pili. Zisingekosea, tusingegusa chochote. Kwa wastani ni robo tatu ya badiliko kwa biti mbili, wakati njia ya kawaida inatumia badiliko moja zima. Westfeld aliitumia hila ya aina hii kwenye programu yake ya F5 mwaka 2001.

Hata kwa tiba zote hizo, picha haivumilii kujazwa. Andrew Ker wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walionyesha kwamba ujumbe unaofichika salama hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya pikseli: ukitaka kuficha mara mbili kwa hatari ileile, unahitaji picha kubwa mara nne. Ushauri wetu ni kutotumia hata sehemu ya kumi ya nafasi.

Chaguo la picha lina uzito kuliko programu. Nembo, picha ya skrini au katuni yenye rangi tambarare haifai, kwa sababu pikseli jirani zake ni sawa kabisa na badiliko dogo linabaki peke yake. Anga iliyoungua kuwa nyeupe tupu ya 255 haifai vilevile. Paa la makuti, ukuta wa matumbawe, majani ya mwembe, kanga zilizorundikwa dukani: hapo namba zinarukaruka zenyewe na moja zaidi haina wa kuigundua kirahisi. Picha iwe umeipiga mwenyewe, na nakala ya awali ifutwe. Picha iliyochukuliwa mtandaoni ina nakala yake kwingine, na mtu akiitoa moja kwenye nyingine, kila namba uliyogusa inajitokeza. Na ujumbe usimbwe kwanza kabla ya kufichwa, ili hata ukigunduliwa usisomeke.

Mbinu hii hutumika kwa wema na kwa ubaya. Alama fiche za umiliki ni ndugu yake, ingawa lengo ni tofauti: hubeba biti chache lakini zinatakiwa kustahimili kubanwa na kukatwa. SynthID ya Google DeepMind, iliyotangazwa Agosti 2023, huweka alama ya aina hiyo kwenye picha zilizotengenezwa na akili unde. Upande wa pili, mwaka 2018 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilimkamata mhandisi wa kampuni ya General Electric jimboni New York, ikieleza kwamba alificha mafaili ya turbaini ndani ya picha ya jua linalotua, akajitumia kwa baruapepe yake binafsi.

Hayo yasizue hofu isiyo na msingi. Kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka maonyo kwamba picha za salamu za asubuhi zina programu zilizofichwa za kuiba fedha. Data iliyofichwa kwenye pikseli haijiendeshi. Lazima kuwe na programu nyingine, tayari ndani ya kifaa, ya kuitoa na kuitumia. Mwaka 2014 virusi vya benki viitwavyo ZeusVM vilipakua maelekezo yake ndani ya picha, lakini virusi vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuingia kwenye kompyuta. Hatari ya picha kushambulia kifaa moja kwa moja ipo, nayo ni jambo jingine: hutokana na kasoro ya programu inayofungua picha, kama ile ya libwebp, maktaba ya msimbo inayotumiwa na programu nyingi kufungua picha, iliyozibwa Septemba 2023. Dawa yake ni kusasisha simu na kivinjari mapema.

Kwa ofisi zinazopokea picha nyingi kutoka nje, kinga iliyo rahisi ni kuzibana upya zote kwa JPEG na kupunguza ukubwa kidogo kabla hazijaingia kwenye mfumo. Hiyo huondoa karibu kila kitu kilichofichwa kwenye pikseli bila kuhitaji kukigundua.

Anayekagua aanze na njia za kizembe, kwa kuwa ndizo hutumika zaidi. Wengi hawagusi pikseli. Hubandika faili la siri mwishoni mwa picha. JPEG huishia kwenye baiti FF D9 (baiti huandikwa hapa kwa namba za msingi wa 16), na PNG huishia kwenye sehemu iitwayo IEND, yenye baiti 12 zinazomalizika na AE 42 60 82. Fungua faili kwa programu ya kuonyesha baiti; kikiwepo kitu baada ya hapo, kichunguze. Tahadhari mbili: picha ndogo ya hakikisho (thumbnail) iliyo mwanzoni mwa JPEG ina FF D9 yake, usiichukue kuwa ndiyo mwisho, na baadhi ya simu hubandika video fupi halali mwishoni mwa picha, kwa hiyo mkia peke yake si ushahidi. Baada ya hapo ndipo zsteg, programu ya kutafuta data iliyofichwa, ipitie PNG, na majaribio ya takwimu yafuate.

Picha inayoshukiwa isisambazwe kwa WhatsApp hata kwa nia ya kuomba ushauri, maana nakala itakayofika haitakuwa na kilichokuwemo. Nakili faili asilia kutoka kwenye kifaa chenyewe, kokotoa alama yake ya SHA-256, namba ndefu inayobadilika faili likiguswa hata kidogo, iandike pamoja na tarehe na jina la faili, kisha ufanyie kazi nakala.