Je, wajua? Noti za Ujerumani ziliwatenganisha Marekani na Wasovieti

Marekani na Umoja wa Kisovieti walimng'oa Hitler pamoja. Iweje ndani ya miaka mitatu wawe mahasimu? Jibu tulilozoea ni kwamba huyu alikuwa bepari na yule mkomunisti. Lakini tofauti hiyo ilikuwepo tangu 1917, na vita ilipopamba moto haikuizuia Marekani kuwapelekea Wasovieti malori, ndege na chakula. Wengine hutaja hotuba ya Churchill ya "pazia la chuma", Machi 1946; wakati huo hakuwa hata waziri mkuu wa Uingereza. Itikadi inaeleza kwa nini hawakuaminiana. Haielezi kwa nini walikosana Ujerumani, mwaka 1948.

Kilichowashinda ni bili ya vita. Wasovieti, waliopoteza watu wapatao milioni 27, walidai fidia ya dola bilioni 10, wakawa wanang'oa mitambo viwandani na kuisafirisha kwao. Baada ya vita Ujerumani iligawanywa kanda: Wasovieti walishika mashariki, nao Marekani, Uingereza na Ufaransa wakashika magharibi. Kanda za magharibi zilikuwa na viwanda vingi na chakula haba, hivyo Marekani na Uingereza walikuwa wakiwalisha Wajerumani kwa fedha zao. Pipa likawa moja, huyu anamimina, yule anachota. Anayemimina anaona anaibiwa, na anayechota anaona anachukua haki yake. Mei 1946 Jenerali Lucius Clay, naibu gavana wa kijeshi wa Marekani nchini Ujerumani, akasimamisha upelekaji wa mitambo ya fidia kutoka ukanda wa Marekani.

Pesa nayo ilikuwa na tundu. Mwaka 1944 Marekani iliwakabidhi Wasovieti mabamba ya kuchapia noti za kijeshi za Ujerumani, yaani pesa ambayo majeshi washirika yangetumia huko, nao wakazichapa kwa wingi. Noti za Wasovieti zilitambulika kwa kistari kidogo kabla ya namba ya noti. Askari wa Kisovieti, waliolipwa malimbikizo ya mishahara kwa noti hizo, walinunua saa za mkononi za askari wa Kimarekani kwa bei ya kustaajabisha, na hazina ya Marekani ikajikuta inazibadilisha kuwa dola. Kwa Wajerumani, sigara ndiyo ikawa pesa ya kuaminika.

Tarehe 20 Juni 1948 kanda za magharibi zilitoa mark (sarafu ya Kijerumani) mpya, iliyochapwa Marekani kwa siri. Kila mtu alianza na 40. Noti kuukuu zilizopoteza thamani huko zingemiminika upande wa mashariki. Wasovieti hawakuwa na noti mpya tayari, wakabandika vikaratasi vya stempu juu ya zile za zamani. Tarehe 24 Juni wakafunga barabara, reli na mifereji iendayo Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyoshikwa na nchi za magharibi lakini iliyozungukwa na ukanda wa Wasovieti. Mji ukalishwa kwa ndege. Njia zilifunguliwa Mei 12, 1949.

Wanahistoria bado wanabishana kama Stalin alikusudia kuigawa Ujerumani, na nyaraka zilizofunguliwa Moscow baada ya 1991 hazijamaliza ubishi huo. Jamhuri mbili za Kijerumani zilitangazwa Mei na Oktoba 1949, wakati sarafu mbili zilikuwa zimeshatumika karibu mwaka mzima au zaidi.