Kichwa cha treni cha umeme hufika makumbusho kikiwa nusu

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, jamaa wa nyumbani wamekuwa wakiniuliza: vichwa hivi vikizeeka, navyo vitawekwa makumbusho? Wanajua kwamba riziki yangu ni kusuka mota za viwandani, na kwamba Jumamosi najitolea kwenye jumba moja la makumbusho ya reli huku Marekani. Kuviweka vinaweza kuwekwa. Kuvifufua ndiko kwenye kazi, na hapo ndipo nataka kukaa leo.

Kichwa cha mvuke kinajitosheleza. Garratt namba 5918, Mount Gelai, iliyoko Nairobi Railway Museum, imebeba kila inachohitaji: tanuri, boila, tangi la maji, tangi la mafuta. Itengeneze boila, washa moto, na itatembea penye reli ya upana wa mita moja inayohimili uzito wake. Dizeli ni vilevile. Cha umeme hakina nguvu yake mwenyewe, kinaazima. Kituo cha kupoozea umeme, nguzo na waya, au reli ya tatu inayolala kando ya njia, vyote hivyo ni sehemu ya mashine ile, na vyote hubaki nyuma siku kinapostaafu. Sisi tunaletewa nusu iliyobaki, na mara nyingi tunailetewa imekwisha kunyeshewa miaka mingi.

Mfano mzuri ni vichwa vya kampuni ya reli ya New York Central. Januari 1902, kwenye handaki la Park Avenue lililojaa moshi na mvuke, treni ilipita ishara za kusimama ikagonga nyingine, abiria 15 wakafa. Sheria ikatungwa ya kupiga marufuku mvuke Manhattan kuanzia Julai 1908, na kampuni ikalazimika kwenda kwenye umeme. Kichwa cha kwanza cha aina ya S kilitoka Schenectady mwaka 1904, kazi ya General Electric na Alco, watengenezaji wa vichwa vya treni, kikila umeme wa DC (mkondo usiobadili mwelekeo) wa volti 660 kutoka reli ya tatu. Baadaye ikaja aina ya T yenye ekseli nane, zote za kusukuma. Kile cha 1904, pamoja na T namba 278 cha mwaka 1926 ambacho ndicho pekee kilichobaki cha aina yake, vilisimama miongo kadhaa vikiota kutu kwenye eneo la mtambo wa zamani wa umeme huko Glenmont, karibu na Albany, mpaka Danbury Railway Museum ya Connecticut, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, ilipovinunua na kuvitoa.

Vichwa hivi vina mota ambayo fundi wa leo akiiona mara ya kwanza hunyamaza kidogo. Hakuna giaboksi. Amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, imesukwa juu ya ekseli yenyewe, magurudumu huku na huku, na sumaku zake zimefungwa kwenye fremu. Nyuso za sumaku ni bapa, zimesimama wima, ili ekseli ipande na kushuka na springi bila kugusana nazo. Ni ubunifu mtamu: hakuna meno ya kulika, hakuna kelele ya gia. Lakini kwa anayehamisha maana yake ni moja tu. Huwezi kuishusha mota ukaiacha kando, ukavuta kichwa kitupu. Gurudumu likizunguka, amecha inazunguka.

Na mota inayozungushwa ni jenereta. Chuma kilicholala miaka 40 bado kinaweza kuwa na sumaku kidogo, na kidogo hicho, kikipata njia ya kufunga saketi kwenye nyaya zilizochubuka, kinatosha kuanzisha moto mahali ambapo huna hata kizimamoto karibu. Kwa hiyo kabla kichwa hakijasogezwa, swichi za kutenga mota zinafunguliwa kwa mkono, moja moja, na zinatazamwa kwa macho kama kweli zimeachana. Kisha brashi za kaboni zinatolewa zote. Kazi hii inachafua na inachosha mgongo, na kila mara atatokea mtu wa kuuliza kama kuna haja, maana tunakwenda mita mia mbili tu. Haja ipo. Brashi iliyoganda kwenye kishikio huchana komuteta, ile silinda ya shaba ambayo brashi huigusa, kama msumari, na komuteta ya namna hii haiuzwi dukani.

Halafu kuna beringi. Vichwa vya enzi hizo vingi havina beringi za roli. Shingo ya ekseli inabeba kipande cha shaba chenye metali laini, na chini yake kuna nyuzi zilizoloweshwa mafuta ndani ya kisanduku. Kikisimama muda mrefu maji yanaingia kisandukuni, mafuta yanaelea, maji yanakaa chini, na shingo inapata mstari wa kutu pale usawa wa maji ulipokuwa. Ukivuta hivyo hivyo, mstari ule unakwangua metali laini kwa mizunguko michache, joto linapanda, na ekseli inaweza kukatika. Dawa yake ni ya kizamani: nyanyua kwa jeki, toa shaba, piga shingo msasa laini mpaka ing'ae, weka nyuzi mpya, mimina mafuta. Ukishavuta kidogo, simama upime joto kwenye kila kisanduku. Siku hizi tunatumia kipimajoto cha kuelekeza, lakini wazee wa hapa bado wanaweka kiganja kwanza, na sijaona wakikosea sana.

Kampuni za reli za hapa hazipendi kupokea kitu chenye beringi za aina hiyo kwenye njia kuu, ndiyo maana mizigo hii mara nyingi huishia barabarani. Kreni mbili, trela yenye ekseli nyingi, vibali, polisi mbele na nyuma. Kreni yenyewe ndiyo hula fedha. Sisi wa kujitolea tunachangia jasho, lakini mwenye kreni hachukui jasho.

Mzigo ukifika, watu wanakimbilia rangi. Naelewa, mfadhili anataka kuona picha. Ila kwangu mimi kitu cha kwanza ni paa. Maji yanayovuja juu ya kabati la kontakta (swichi kubwa za umeme wa mota) yanaharibu kwa msimu mmoja kuliko kutu ya nje inavyoharibu kwa miaka kumi. Hata turubai linafaa, mradi lisifungwe kubana, maana unyevu uliofungiwa ndani ni mbaya kuliko mvua.

La pili ni sumu. Sanduku za kuzimia cheche, nyaya za zamani na mabomba vina asbesto. Ndiyo, mabomba: vichwa hivi vya New York vilibeba boila ndogo ya mafuta, kwa sababu mabehewa ya abiria yalipashwa joto kwa mvuke. Umeme wa kuvuta, mvuke wa kuota. Kwenye vichwa vya AC (umeme unaobadili mwelekeo) tatizo ni mafuta ya transfoma. GG1 za Pennsylvania Railroad zilijengwa 139 kati ya 1934 na 1943. Zimebaki 16, na hakuna hata moja inayotembea. Transfoma zake zilikuwa na mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu, na nyingi zimeondolewa au zimejazwa mchanga au zege. Hata ungepata transfoma safi, jumba gani la makumbusho lina waya wa volti 11,000 kwa Hz 25?

La tatu ndilo linalonifurahisha: mota. Usiimwagie maji ya presha. Nyonya vumbi kwa mashine ya kufyonza, kwa sababu unga wa kaboni na wa breki unapitisha umeme. Kisha chukua mega, kifaa cha kupima kama ngozi ya nyaya inazuia umeme usivuje, upime. Kanuni tuliyorithi kwa koili za zamani ni megaomu moja, ukiongeza megaomu moja kwa kila kilovolti ya mashine. Kwa volti 660 hiyo ni kama 1.7. Mara ya kwanza karibu zote zinasoma chini ya hapo. Mgeni hukata tamaa na kusema koili zimekufa. Hapana, zimelowa. Unazipasha taratibu, kwa hewa ya moto au mkondo mdogo wa DC kutoka mashine ya kuchomelea, na unaandika vipimo. Mwanzoni vinashuka zaidi kadiri joto linavyopanda, na hapo ndipo wengi huzima. Ukivumilia, vinakaa, halafu vinaanza kupanda.

Kinachobaki ni kukipatia umeme wake. Hapa bahati inategemea ukoo. Majumba mengi ya Marekani yalianza na tramu, kwa hiyo waya wao ni DC volti 600, na kichwa cha volti 660 kinajisikia nyumbani. Vichwa viitwavyo Little Joe navyo vinavumilia. General Electric ilivijenga 20 kwa oda ya Umoja wa Kisovieti, Stalin ndiye Joe mwenyewe, kisha mwaka 1948 Marekani ikazuia visiuzwe. Kampuni ya reli ya Milwaukee Road ikachukua 12, Brazil 5, na kampuni ya reli ya South Shore 3 ambavyo vilirekebishwa kwa volti 1,500. Namba 803 ya South Shore iko Illinois Railway Museum, kwenye waya wa volti 600. Mota ya DC ikipewa chini ya nusu ya volti zake haikatai, inakwenda polepole tu, na kwa mashine ya tani 240 hivi hakuna anayelalamika kwamba haikimbii.

Mimi sioni aibu kichwa kikibaki kimesimama, mradi kibaki kizima ndani. Nimeona mahali walikotoa kabati zima la kontakta ili wageni wapate pa kupita, na kwa maoni yangu hicho sasa ni sanduku la bati lenye rangi nzuri. Ndugu zetu wa Katanga, Kongo, wanaweza kulifikiria hilo mapema kuliko wa Dar, kwa kuwa reli yao ya BCK ilianza kutumia AC ya Hz 50 miaka ya 1950 na vichwa vya kwanza vya huko vina umri wa kutosha kuingia makumbusho. Kama kuna karakana Likasi au Lubumbashi yenye kabati la michoro ya nyaya, ningeanza na michoro hiyo, niipige picha ukurasa kwa ukurasa, ndipo nitafute kreni.