Usilale na Simu Inayochajiwa Kitandani

Katika nyumba nyingi za chumba kimoja hapa Kisumu, iwe Nyalenda au Manyatta, soketi ni moja na iko karibu na kitanda. Ekstensheni hupitishwa chini ya godoro, na simu hulazwa kando ya mto ikichajiwa hadi asubuhi. Sisi wa zimamoto tunaomba sana desturi hii ikome.

Betri ya lithiamu ikichajiwa hupata joto, na si neno mradi joto lina pa kutokea. Ukiifunika blanketi, linabaki humo humo. Betri iliyoumia ndani, kwa kuangushwa au kwa chaja duni, inaweza kufika mahali joto lake lenyewe linazaa joto zaidi. Hapo hata ukichomoa chaja, haipoi. Simu hiyo ikiwa juu ya sakafu ya simiti, pengine itaungua yenyewe tu. Kinachoua ni godoro la sponji. Hushika moto upesi, na moshi wake una sumu inayoweza kumlegeza aliyelala kabla hajaamka.

Basi chajia sakafuni, ungali macho, na mbali na mlango, kwa maana mlango ni mmoja na madirisha yana vyuma. Wenye pikipiki za umeme nao wasiweke betri mlangoni.

Halafu kuna mchezo wa biro. Soketi zetu zina kizuizi kinachofunguliwa na jino refu la plagi ya meno matatu. Mwenye chaja ya meno mawili husukuma biro kwenye tundu la juu, kisha anaishindilia. Plagi inakaa imelegea, cheche zinapiga, na plastiki inageuka kahawia. Ukiona ukahawia huo, acha kuitumia soketi hiyo mpaka fundi wa umeme aibadilishe. Nunua adapta yenye fyuzi.

Betri nayo ikaguliwe. Ya kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, itoe, ilaze mezani, izungushe kwa kidole: ikizunguka kama pia, imevimba. Kwa simu kubwa, tazama kama kioo au mgongo umeinuka pembeni. Iliyovimba usiichaji tena, usiitoboe, wala usiitupe jaani panapochomwa taka. Mpelekee fundi wa simu.

Ukiona moshi, toa watoto kwanza, funga mlango nyuma yako, piga 999 au 112. Usimwagie maji kitu kilicho kwenye umeme. Hata moto ukizimwa, betri iache nje kwenye udongo mtupu. Inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.