Tabianchi si kobe

Dhana: Tabianchi hubadilika polepole, kwa hiyo tutaiona ikija.

Barafu ya Greenland inasema vingine. Mapema miaka ya 1990 watafiti waliitoboa hadi kina cha takriban kilomita 3 wakatoa mche wa barafu, yaani nguzo ndefu nyembamba, theluji ya mwaka mmoja juu ya theluji ya mwaka mwingine, unaohesabika kama pete za mti. Shuka hadi zaidi kidogo ya miaka 11,700 iliyopita, kisha usome kuelekea juu: ghafla vumbi linapungua na matabaka yananenepa karibu maradufu ndani ya miaka michache tu, dalili kwamba tabianchi ilibadilika. Joto la pale lilipanda kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi katika miongo michache. Hayo ni maisha ya mtu mmoja!

Dhana: "Ghafla" maana yake usiku mmoja.

Hizo ni za sinema. Ghafla hapa ni mfumo kubadilika haraka kuliko kile kinachousukuma. Sogeza kikombe taratibu kuelekea ukingo wa meza: kidole hakiongezi kasi hata kidogo, lakini kikombe kitaanguka. Ingawa zipo haraka za kutisha kweli: mwaka 2002 rafu ya barafu (barafu nene inayoelea baharini ikiwa imeshikamana na nchi kavu) ya Larsen B, Antaktika, ilivunjika vipande ndani ya wiki chache, kilomita za mraba zipatazo 3,250.

Dhana: Dunia ikipata joto, hakuna mahali patakapopoa.

Mkondo mkuu wa Atlantiki hupeleka joto kaskazini, kisha maji yake, yakishapoa na kwa kuwa yana chumvi nyingi, huzama. Maji ya barafu iliyoyeyuka hayana chumvi. Ni mepesi, na yakitanda juu yanazuia uzamaji huo. Mkondo ukikatika, Ulaya ya kaskazini ingepoa na mvua za tropiki zingesogea kusini. IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, ilisema mwaka 2021, kwa uhakika wa wastani, kwamba hautakatika ghafla kabla ya 2100. Binafsi nisingepanda ndege yenye uhakika wa wastani.

Dhana: Tukishusha joto, kila kitu kitarudi kilivyokuwa.

Kilele cha barafu ya Greenland kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, kwenye hewa ya baridi. Barafu ikiyeyuka, uso wake hushuka kwenye hewa yenye joto zaidi, nao huyeyuka zaidi. Kuirudisha kungehitaji baridi kali kuliko ile iliyokuwepo ilipoanza kuyeyuka.