Acheni kuhesabu mara mwanafunzi alizobonyeza “Hifadhi”

Nimeletewa tena jedwali la Excel. Safu ya kwanza jina la mwanafunzi, ya pili idadi ya mara alizohariri wiki ya kikundi (si wiki ya siku saba, bali kurasa za mtandaoni ambazo kila mwanakikundi anaweza kuziandika na kuzibadilisha), ya tatu alama. Aliyehariri mara 41 kapata 9 kati ya 10. Aliyehariri mara mbili kapata 3. Mhadhiri aliyenitumia anataka nimwekee fomula, ili mwisho wa muhula alama zijitoe zenyewe. Fomula siandiki. Naandika hii.

Madogo niyamalize haraka. Wiki si Wikipedia tu. Ya kwanza kabisa aliianzisha Ward Cunningham mwaka 1995, miaka sita kabla ya Wikipedia, ili waandishi wa programu wabadilishane mbinu zao. Iliyomo kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo, inatosha kabisa kwa darasa, ila chagua wiki ya pamoja; kila muhula hakosekani mtu wa kuchagua ya binafsi, halafu akalalamika kwamba wanafunzi hawashirikiani. Na mwanafunzi akifuta kila kitu, hakuna msiba: fungua historia, rudisha toleo la jana.

Sasa historia hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Kwa kuwa inaorodhesha kila toleo, saa na jina, watu wanaisoma kama daftari la mahudhurio. Inachojua ni nani alihifadhi na lini. Aliyefikiri haimjui.

Mchukue huyo wa mara 41. Nilifungua matoleo yake, moja baada ya jingine. Koma. Herufi kubwa. Nafasi. Anaweka nukta, anahifadhi, anaitoa, anahifadhi. Wala si mjinga, ameshang'amua mnahesabu nini. Yule wa mara mbili aliandika kwenye simu bila intaneti, akangoja Wi-Fi ya maktaba, akabandika maneno 600 kwa mkupuo. Ukurasa mzima kaubeba yeye, na jedwali linamwita mvivu.

Hapo bado hatujafika kwenye bando. Kikundi cha watu sita, bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, halijatoka, mwenye bando ni mmoja. Wanakaa kibarazani hosteli, wanabishana, yeye anachapa. Historia itaandika jina moja. Kinyume chake nacho kipo: mmoja kafanya kazi yote, kisha usiku anakusanya nywila za wenzake na kuingia kwa kila jina, akiacha sentensi mojamoja. Kwenye Excel kikundi hicho kinang'aa.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni namba nyekundu. Kwenye MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, kila badiliko lina tarakimu pembeni, kijani kwa kilichoongezeka na nyekundu kwa kilichopungua. Mhadhiri akiona nyekundu anadhani mtu kaharibu. Kuna wanafunzi wa jiografia waliokuwa wakiandika kuhusu mmomonyoko wa udongo kwenye milima ya Uluguru. Mmoja aliweka aya ndefu kwamba Waluguru waliyakataa matuta ya ngazi ya serikali ya kikoloni kwa ukaidi na kutoelewa. Mwenzake akaifuta yote, akaandika sentensi chache: kwamba kazi ile ilikuwa ya kulazimishwa, kwamba kuchimba ngazi penye udongo mwembamba kulifukua udongo wa chini usiostawisha mazao, na kwamba hasira zililipuka mwaka 1955, mpango ukaachwa. Mwenye aya akairudisha. Ikafutwa tena. Ndipo wakahamia ukurasa wa majadiliano, na huko mwenye aya akauliza: kama matuta ni mabaya, mbona kwingine yanafaa? Swali zuri sana. Iliwabidi watenganishe mambo matatu waliyokuwa wameyachanganya wote wawili, yaani aina ya udongo, ukali wa mteremko, na nani aliyeamua kazi ifanyike. Aya iliyobaki ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na nzuri mara kumi. Jumla ya tarakimu tangu aya ile ya kwanza iwekwe ikasoma hasi.

Ugomvi wa namna hiyo ni adimu, na hapo ndipo tatizo letu halisi lilipo. Tunaogopa wanafunzi watafutiana kazi, kumbe hawagusani kabisa. Sita wanagawana vichwa vidogo sita, kila mtu na kashamba kake. Utangulizi unasema Mto Ruvu unapeleka maji Dar es Salaam. Sehemu ya tano inalisema tena kama habari mpya. Hizo ni insha sita zilizobandikwa pamoja, na mojawapo ni desa, kazi ya kunakili, la mwaka jana. Ukiuliza kwa nini hukurekebisha, unajibiwa: “Mwalimu, kaka yule amenitangulia mwaka, nitamfutiaje?” Heshima hiyo siidharau, lakini wiki haiendi nayo.

Kwa hiyo alama nazitoa kwa badiliko alilolifanya mtu kwenye sehemu ya mwenzake, lenye sababu iliyoandikwa kwenye kisanduku cha muhtasari au kwenye majadiliano. Kisha kwenye semina nachagua sentensi, namwita asiyeiandika, aitetee. Waliobishana kibarazani kwa bando moja hujulikana hapo hapo. Wenye nywila za kuazimwa pia.

Kwa darasa la watu 300 njia hii hainifai, nakiri. Huko siweki wiki hata kidogo. Wala sina hakika kwamba wiki inamfundisha aliyekaa kimya. Huenda inawaonyesha tu wale ambao wangejifunza hata kwa ubao na chaki.

Na nina wasiwasi mwingine, mpya. Tangu nianze kutoa alama kwa ubishi, wanafunzi wameanza kuupanga. Nilionyeshwa ujumbe wa WhatsApp wa kikundi kimoja: “Wewe futa saa mbili, mimi napinga saa tatu, tukubaliane kabla ya kulala.” Nilikasirika, nikaenda kusoma ubishi wenyewe. Ulikuwa na hoja. Ili wapingane kwa zamu iliwabidi wote wawili wasome kuhusu udongo kwanza. Sijaamua bado kama niwape alama au niwafokee.