Ukikutana na "shall" kwenye mkataba

Kazi yangu ni kufasiri mikataba, sera na nyaraka za mahakamani kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na neno linalonila muda kuliko yote ni "shall". Shuleni tulifundishwa kwamba ni ndugu yake "will" na kwamba maana yake ni "-ta-", tukaachiwa hapo. Kisha mtu anapewa mkataba wa kupanga fremu Kariakoo, kurasa kadhaa za Kiingereza, karibu kila sentensi ina "shall", na anatia saini akidhani anasoma habari za mambo yatakayotokea huko mbele. Kumbe sentensi nyingine zinamfunga yeye, nyingine zinamfunga mwenye nyumba, na nyingine hazimfungi mtu yeyote.

Tuchukue sentensi zinazopatikana karibu kila mkataba wa pango. "The Tenant shall pay the rent on or before the fifth day of each month." Hapo "shall" ni wajibu. Mpangaji asipolipa amevunja mkataba, na mwenye nyumba anaweza kumdai. Kwa Kiswahili: "Mpangaji atalipa kodi ya pango kila mwezi, si zaidi ya tarehe 5", au kwa uwazi zaidi, "anapaswa kulipa".

Sasa hii: "This Agreement shall be governed by the laws of Tanzania." Anayetajwa ni mkataba wenyewe, na karatasi haipewi amri. Hapa waandishi wa sheria wanatangaza tu jinsi mambo yalivyo, kwa hiyo Kiswahili chake kinatosha kuwa "Mkataba huu unaongozwa na sheria za Tanzania." Ukiandika "ni lazima mkataba huu uongozwe", msomaji ataanza kujiuliza nani analazimishwa, na lini.

Ya tatu: "The Tenant shall be entitled to a receipt." Mpangaji halazimiki kufanya lolote, amepewa haki ya kupata risiti, na wajibu umemwangukia mwenye nyumba ambaye hata hakutajwa. Ya nne: "If the Tenant shall fail to pay..." Hiyo "shall" haina kazi kabisa, ni mazoea ya kale ya mawakili wa Uingereza. Kiswahili kina "-ki-" yake: mpangaji akishindwa kulipa.

Kwa hiyo kabla sijafasiri "shall" yoyote, namtazama kiima wa sentensi. Je, huyu anaweza kulazimishwa? Nikiondoa "shall" nikaweka "ana wajibu wa", sentensi inasimama au inachekesha? "Mpangaji ana wajibu wa kulipa kodi" inasimama. "Mkataba ana wajibu wa kuongozwa" haisimami. Kipimo hiki nakitumia kila siku, na hata asiyejua sheria anaweza kukitumia akiwa amekaa na mkataba wake mezani.

Niliwahi kuletewa tafsiri iliyofanywa na mtu mwingine, ya mkataba wa duka. Kiingereza kilisema mwenye nyumba "may" kuingia ndani kukagua baada ya kutoa taarifa, na "shall" kukarabati paa likivuja. Tafsiri ikasema "anaweza kuingia kukagua na kukarabati paa likivuja". Kitenzi kimoja kikabeba vyote viwili. Kwa sentensi hiyo, mwenye duka aliyeisoma kwa Kiswahili aliamini kwamba kuziba paa ni hiari ya mwenye nyumba, akawa ananunua maturubai kwa pesa yake kila masika, ilhali mkataba aliotia saini ulimpa haki ya kudai bati jipya.

Kuna mtego mwingine ambao hata wafasiri wazoefu wanapaswa kuusoma mara mbili: "No person shall sell..." Ukifasiri neno kwa neno, kwa kuwa umeshazoea "shall" ni lazima, unapata "Hakuna mtu atakayelazimika kuuza". Maana imepinduka! Kifungu kilikuwa kinakataza kuuza. Sasa kinasema kila mtu yuko huru, akitaka auze, asipotaka aache. Kiswahili cha sheria kinasema "Mtu yeyote hataruhusiwa kuuza" au "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuuza", na hapo hakuna wa kukosea.

Je, "-ta-" yenyewe ni mbaya? Hapana. Ina heshima yake katika sheria zetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 33(1), inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Hakuna anayeielewa kwamba Rais atakuja siku moja, ibara inakiunda cheo hapo hapo. Kwa hiyo "atalipa" katika mkataba ni Kiswahili sahihi cha wajibu, almradi mwandishi asichanganye na "-ta-" ya wakati ujao katika waraka huo huo. Ninapoona hatari ya kuchanganya, natumia "anapaswa" au "ana wajibu wa" kwa wajibu wote, mwanzo hadi mwisho, hata kama sentensi zinakuwa nzito kidogo. "Ni lazima" nayo nzuri, ila ikirudiwa katika kila mstari waraka unageuka kuwa ukali mtupu.

Tanzania ina kifungu kinacholishughulikia neno hili moja kwa moja. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaeleza kwamba "may" ikitumika kumpa mtu mamlaka, ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia; na "shall" ikitumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo sharti litekelezwe. Ukisoma hapo unadhani mjadala umekwisha. Lakini Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 118 ya mwaka 2006, ilisema kwamba "shall" iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si amri isiyo na mlango wa kutokea. Inasomwa pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo, kinachosema hukumu haibatilishwi kwa kasoro ya utaratibu isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki kutotendeka. Kwa maneno mengine, hakimu akiruka hatua iliyoandikwa kwa "shall", swali linalofuata ni kama mshtakiwa ameumia kwa kurukwa huko. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa ndicho lugha ya sheria za nchi, nimekuwa nikilifikiria sana jambo hili. Kila "shall" inayohamishwa kwenda Kiswahili inahama na mzigo wake wa maamuzi ya mahakama, na mfasiri asiyeujua mzigo huo anaweza kuuangusha njiani bila mtu kuona.

Kenya ndiko neno hili lilikozua mvutano mkubwa kuliko pengine popote Afrika Mashariki. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 81(b), inasema kwamba si zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya umma vya kuchaguliwa "shall be" wa jinsia moja. Rudi kwenye kipimo chetu: kiima ni nani? Ni wanachama wa chombo, kwa hesabu yao. Hakuna aliyetajwa kwamba yeye ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha hesabu hiyo inafikiwa. Linganisha na ibara ya 27(8), ambako "shall" imefungwa kwa Serikali: Serikali ichukue hatua za kisheria na nyinginezo kutekeleza kanuni hiyo. Tarehe 11 Desemba 2012 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ilitoa ushauri kwamba sharti la 81(b) litatimizwa hatua kwa hatua, na sheria ya kulitekeleza iwe imepatikana kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga. Kwake yeye sharti hilo lilipaswa kufanya kazi mara moja. Agosti 2015 ikapita bila sheria. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Mimi nasimama na Mutunga, kwa sababu wapiga kura waliopitisha katiba ile walisoma sharti, hawakusoma ahadi. Hata hivyo nakiri kwamba sentensi yenyewe iliwapa majaji wengine nafasi. Sharti lisilo na mwenyewe huwa rahisi kuahirishwa.

Ndiyo maana nchi kadhaa zimeanza kulikimbia neno hili. Afrika Kusini ilipoandika katiba yake ya mwaka 1996 ilichagua "must": kifungu cha 7(2) kinasema dola "must" kuheshimu, kulinda, kukuza na kutimiza haki. Katiba ya mpito ya 1993 ilikuwa imejaa "shall". Marekani, kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho ziliandikwa upya na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba 2007, na "shall" ikaondolewa. Sababu yake Jaji Ruth Bader Ginsburg alishaigusa mwaka 1995 katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya huko: kwa kawaida "shall" ni "must", lakini waandishi wa sheria huitumia, wakati mwingine vibaya, kumaanisha "should", "will", na hata "may". Ikiwa wenye lugha wenyewe hawakubaliani, mfasiri asione aibu kumrudia mwandishi wa waraka na kumuuliza alikusudia nini. Mimi huuliza, kwa maandishi, na jibu nalihifadhi.

Asili ya neno inasaidia kuelewa uzito wake. Katika Kiingereza cha kale "sceal" lilihusu deni: nadaiwa, nina wajibu. Kijerumani bado kina "sollen", na "Schuld" yao ni deni na pia hatia. Maana ya wakati ujao ilikuja baadaye, kwa kuwa kinachodaiwa kinatarajiwa kulipwa. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati yule yule aliyetuletea alama ya ∞, alichapisha sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini na kuweka kanuni: kwa "mimi" na "sisi", "shall" inatabiri na "will" inaahidi, kwa "wewe" na "yeye" mambo yanageuka. Vitabu vya shule viliibeba kanuni hiyo kwa karne nyingi, vya kwetu vikiwemo. Watu hawakuifuata hivyo. Mwezi Machi 1942, Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuwa ameondoka Ufilipino na kufika Australia, alisema "I shall return." Kwa kanuni ya Wallis huo ni utabiri tu. Hakuna aliyeusikia hivyo. Dunia nzima ilisikia kiapo, na mwezi Oktoba 1944 alipotua Leyte, kisiwa cha Ufilipino, watu walisema ametimiza ahadi. Kwa hiyo ukimwona mwalimu anakata alama za mtoto kwa kuandika "I will" badala ya "I shall", mtetee mtoto.

Katika mazungumzo ya kila siku "shall" imepungua sana, hasa Marekani. Ilipobaki hai ni kwenye maswali ya kujitolea au kushauriana: "Shall I open the window?" "Shall we go?" Hapa Kiswahili kinatoa jibu zuri mno, kwa sababu tuna umbo la kitenzi lililoundwa kwa kazi hii: "Nifungue dirisha?" "Twende?" Hakuna "-ta-", hakuna lazima. Ukimuuliza mgeni "Nitafungua dirisha?" atashangaa, maana unamuuliza habari za matendo yako mwenyewe. Umbo hilo hilo linatufaa kwenye amri nzito pia: pale Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliposema "Thou shalt not kill", ya Kiswahili inasema "Usiue", silabi nne tu.

Wahandisi na watu wa viwanda wana bahati kuliko sisi wa mikataba, kwa sababu kwao maana zimefungwa. Katika viwango vya kimataifa vya ISO, "shall" ni takwa: bidhaa isipolitimiza haijakidhi kiwango. "Should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa. Viwango vya Afrika Mashariki vinatumia "shall" kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo msindika unga anayesoma kwamba kifungashio "shall" kuonyesha tarehe ya mwisho ya matumizi asidhani anashauriwa. Ninapowaeleza wasindikaji wadogo jambo hili huwakumbusha madrasa: "shall" ni faradhi, ukiacha unawajibika, "should" ni sunna, ukifanya ni bora, ukiacha huulizwi, "may" ni mubaha, hiari yako. Hapo kalamu zinatoka mifukoni na wanaanza kupigia mistari kila "shall" iliyomo kwenye kitabu cha kiwango, halafu wanahesabu ngapi wamezitimiza na ngapi bado.