Ubalozi si kipande cha nchi ya kigeni

Barazani kwetu Mji wa Kale, kahawa chungu ikimiminwa kutoka kwenye dele, kila Agosti 7 husemwa hivi: bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi lililipuka Marekani, maana ubalozi ni ardhi yao. Sivyo.

Ardhi ilikuwa ya Kenya. Waliouawa ni zaidi ya 200, Wamarekani kati yao 12. Wengi walikuwa Wakenya, wakiwemo waliofukiwa jengo jirani la Ufundi lilipoporomoka, watu ambao siku hiyo hawakuukanyaga ubalozi. Inaniuma wakihesabiwa kana kwamba walifia ugenini.

Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, ibara ya 22, haumpi mtu ardhi. Unasema maafisa wa nchi mwenyeji wasiingie ubalozini bila idhini ya mkuu wa ubalozi, na mwenyeji ana wajibu wa kuulinda. Kama mpangaji: ufunguo wake, kiwanja si chake.

Ndiyo sababu baada ya shambulio viongozi wa nchi zote mbili hawana budi kuzungumza. Wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walishirikiana na polisi wa Kenya, na ni Kenya iliyowakabidhi Marekani washukiwa wawili, mwezi huohuo wa Agosti.